Msiuze masanduku ya mafundi redio kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vibanda vya mafundi redio mitaani vimepitwa na wakati, na kwamba vilivyobaki humo ni takataka za kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siandiki kwa hasira. Aliyoyasema kuhusu vifaa vya umeme vinavyotupwa ovyo ni kweli tupu. Lakini ndani ya vibanda vile kuna kitu ambacho hakukiona, nami nakitumia karibu kila jioni huku niliko.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Sasa naishi Columbus, Ohio, Marekani, na kazi yangu ni udereva wa lori. Nikishatoka kazini, nikala na kuswali, nakaa kwenye meza yangu ya gereji na kutengeneza redio za CB za zamani. Sifanyi biashara. Mwenye redio ananirudishia gharama ya vipuri, basi. Nyingine nanunua mbovu, nazifufua, nabaki nazo.

Kwa wasiozijua, CB, kifupi cha Citizens Band, ni redio ya kuongea na kujibiwa, ndugu yake ile radio call mnayoiona kwenye magari ya watalii na ya polisi, ila hii ni ya raia yeyote. Serikali ya Marekani iliwafungulia raia eneo la megahezi 27 mwaka 1958, chaneli 23, na nguvu yake haikuruhusiwa kuwa kubwa. Hadi leo kwa redio ya kawaida ni wati 4. Lori na lori barabarani husikilizana kwa kilomita chache tu. Kwa miaka mingi zilikuwa za wakulima, wenye maduka na mafundi wanaozunguka na gari. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliposimamisha kuiuzia Marekani mafuta, vituo vikakauka, na Januari 1974 Rais Nixon akatia saini sheria ya kuweka mwendo wa juu kuwa maili 55 kwa saa. Dereva wa lori hulipwa kwa maili, kwa hiyo kila saa aliyopotea ilikuwa hela iliyopotea. CB ndiyo iliyokuwa inamwambia kituo gani bado kina dizeli na askari wamejificha upande gani wa daraja. Migomo ya madereva ya majira hayo nayo ilisambaa kupitia redio hizo. Baada ya hapo kila mtu akaitaka, hata wenye magari madogo, mpaka chaneli 23 zikawa hazitoshi, na mwezi Januari 1977 zikafika 40.

Zile za chaneli 23 bei yake ikaporomoka. Ndizo ninazozipenda kuliko zote, na nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Redio ya chaneli 40 ina kidude kimoja kinachotengeneza chaneli zote. Ya chaneli 23 kwa kawaida haina. Ukiifungua utaona vikopo vidogo vya bati vimepangwa kwa safu, vinang'aa. Hizo ni kristali, na kila moja inatetemeka kwa masafa yake mamoja tu. Nyingi za redio hizi zina 14 tu. Sita ni za masafa ya juu, kuanzia megahezi 37.600 kwenda juu. Nne ni za karibu megahezi 10.6, zinafanya kazi unapoongea. Nne nyingine ni za karibu megahezi 10.1, zinafanya kazi unaposikiliza. Unapozungusha swichi, redio inachagua moja ya juu na moja ya chini, na unapoongea inatoa ya chini katika ya juu, na kinachobaki ndicho chaneli yako. Toa 10.635 katika 37.600 unapata 26.965, na hiyo ndiyo chaneli ya kwanza. Sita mara nne ni 24, nafasi moja haitumiki, zinabaki 23. Waliobuni mpango huu walikwepa kununua kristali 46, mbili kwa kila chaneli, na kila ninapofunika kifuniko cha redio ya namna hii nawaheshimu upya.

Sasa sikilizeni jinsi inavyougua. Mteja akiniambia chaneli ya 5, ya 6, ya 7 na ya 8 zimekufa na nyingine nzima, najua kristali ya pili kati ya zile sita imekwisha, maana hizo nne zote zinaitegemea hiyo. Akiniambia 1, 5, 9, 13, 17 na 21 hazisikii kitu ingawa akiongea anasikika vizuri, najua ni ile ya kwanza kati ya nne za kusikilizia. Hapo hata bisibisi sijashika. Bado sitaihukumu kristali moja kwa moja, kwa sababu swichi yenyewe ina miguu ya shaba inayoshika uchafu kwa miaka hamsini. Napuliza dawa ya kusafishia, nazungusha mbele na nyuma, nasikiliza tena. Mara nyingi chaneli zinarudi zenyewe na kristali haikuwa na kosa.

Utaratibu huu wa kuuliza kwanza na kufungua baadaye sikujifunzia Marekani. Nilijifunza kwa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa fundi redio Ngamiani. Alikuwa anatengeneza National, Philips, na redio kubwa za mbao zenye valvu zilizoachwa na Wahindi waliohama. Mteja akiingia, baba mdogo hakuipokea redio kwanza. Aliuliza: "Ilizima ghafla, au ilianza kunguruma siku kadhaa kabla?" Iliyozima ghafla, alianza kwenye fyuzi, waya na swichi. Iliyonguruma kwanza, alijua kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Nilikuwa mtoto wa shule, kazi yangu ilikuwa kushika taa na kumpa risasi ya kuchomelea, lakini maswali yale yaliniingia. Leo kijana wa Kimarekani akiniletea redio ya baba yake inayovuma kila akikanyaga mafuta, namuuliza swali lile lile kwa Kiingereza, na jibu linanipeleka mahali pale pale.

Kapasita hizo hazina maajabu. Ndani yake kuna maji ya dawa, nayo hukauka, hasa kwenye redio iliyokaa miaka juu ya joto la injini. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa. Nikiipokea redio ya miaka ya sabini nazibadilisha zote, moja moja. Natoa ya zamani, naangalia alama ya hasi kwenye bodi, naweka mpya, nakata miguu, nawasha na kusikiliza, kisha naenda nyingine. Nikibadilisha kumi kwa mpigo na redio ikanyamaza, sitajua ni ipi iliyoniletea shida. Huu pia ni mwendo wa Ngamiani. Baba mdogo hakuwa na haraka ya kushika mita ya kupimia umeme. Alikuwa na mfuatano.

Juzi alikuja kijana mmoja mzaliwa wa Bukavu, dereva mwenzetu, amenunua lori lililotumika na ndani yake akakuta redio ya CB chini ya kiti. Akaniambia, "Papa, hii kitu bado inaweza kutumika?" Nikamwambia tuitazame pamoja. Kwenye kishikio cha fyuzi mtu alikuwa ameviringisha karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Nikajua habari yote. Huko nyuma kuna aliyeiunganisha redio kwa kugeuza chanya na hasi. Ndani ya redio kuna dayodi moja, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyowekwa makusudi ijitoe mhanga: umeme ukigeuzwa, inaupitisha wote yenyewe ili fyuzi ikatike na redio ipone. Ikishajitoa, mara nyingi inabaki imeshikana, na kila fyuzi mpya inayowekwa inakatika. Mwenye redio akachoka kununua fyuzi, akaweka alumini. Alumini haikatiki, kwa hiyo kikaungua kingine: njia ya shaba kwenye bodi, urefu wa kidole, ilikuwa nyeusi na imebanduka.

Nikampa kijana mita, nikamwonyesha aweke ncha huku na huku za dayodi. Ikapiga mlio pande zote mbili, wakati ilitakiwa kupitisha upande mmoja tu. Akaelewa kabla sijamwambia. Tukaikata, tukaweka nyingine ya ampea tatu, tukakwangua lile eneo lililoungua mpaka shaba safi, tukapitisha waya juu yake, tukaweka fyuzi halali. Iliwaka. Kila kipuri tulichoweka ni cha senti. Kituo cha kuuza vifaa alikoipeleka mwanzo walimwambia anunue mpya, na mimi siwalaumu sana, maana saa ya fundi huku ni ghali kuliko redio yenyewe. Ndiyo sababu kazi hii imebaki kwa watu wanaoipenda.

Kijana yule sasa huja Jumamosi akiwa hana safari. Ameshaanza kusoma mchoro wa sakiti, na anauliza maswali mazuri kuliko niliyokuwa nauliza mimi umri wake.

Niseme na jambo moja ambalo wapenzi wengi wa redio hizi hawatafurahi kulisikia. Wateja kadhaa wananiomba niiongezee redio nguvu. Nakataa. Si kwa sababu ya sheria peke yake. Ukiitoa wati 4 ukaifikisha 8, yule anayekusikiliza mwisho wa kilima hataona tofauti ya maana. Sindano ya redio yake itasogea nusu ya alama moja. Unachokipata kwa uhakika ni transista ya mwisho, ile ya kurusha mawimbi, inayochemka na sauti inayomwagikia chaneli za jirani. Pesa hiyo afadhali uiweke kwenye antena. Antena nzuri ya gari kwa masafa haya ina urefu wa karibu mita mbili na robo tatu ikisimama bila kukunjwa, na ikipimwa vizuri inashinda wati zozote za wizi. Kuifufua redio maana yake ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani: koili zote katika kipimo chake, sauti safi, chaneli yake bila kuyumba. Koili zenyewe nazigusa kwa bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma inabadilisha kipimo wakati unapima, na ikibana vibaya inavunja kile kiini cheusi cha ndani, ambacho hakitengenezeki.

Vipuri vinazidi kuwa shida. Transista ya Kijapani ya 2SC1969, iliyotumika kwenye redio nyingi za baadaye kama Cobra 148 GTL, haitengenezwi tena na kiwanda chake, na soko limejaa za bandia zenye maandishi mazuri kuliko ya asili. Bandia inawaka, inatoa wati mbili, halafu inakufa siku ya tatu. Kwa hiyo mtu akifunga duka lake na kuuza akiba ya vipuri vya zamani, sisi tunafika alfajiri.

Mahali pakubwa pa kuvipata karibu na kwangu ni Xenia, mwendo wa kama saa moja kutoka Columbus. Kila mwezi Mei hufanyika huko mkutano mkubwa wa watu wa redio uitwao Hamvention, na uwanjani kuna gulio ambalo mtu anaweza kuzunguka siku nzima. Hapo nimeona redio za Browning zilizotengenezwa Laconia, New Hampshire, bado na valvu zake. Hizo usifungue kama hujafundishwa, ndani mna volti za kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Nimeona Messenger za kampuni ya E.F. Johnson ya Waseca, Minnesota. Nimeona maiki za Astatic D-104 zenye kichwa cha mviringo na shingo ndefu ya chuma. Lakini vilivyonigusa kuliko vyote ni makaratasi. Wake za mafundi waliofariki, au watoto wao, wanaleta maboksi ya vitabu vya michoro ambavyo pembeni mwake marehemu aliandika kwa penseli: hapa volti 8, hapa 2.3, hii ikishuka badilisha ile. Kuna madaftari mazima ya namna hiyo. Watu wananunua, wanayapiga picha na kugawana. Hata ndani ya redio zenyewe nakuta kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kifuniko na fundi wa zamani: tarehe, kipuri alichobadilisha, herufi za jina lake. Simjui, wala hatutaonana, lakini amenipunguzia kazi ya usiku mzima. Na mimi nikimaliza naongeza karatasi yangu chini ya yake.

Ndugu Mhariri, baba mdogo naye alikuwa na daftari. Jalada gumu la bluu, kurasa zimejaa mafuta ya vidole. Kila redio iliyomsumbua aliiandika: aina, dalili, dawa. Kuna kurasa alizochora sakiti mwenyewe kwa rula, kwa sababu mchoro wa kiwanda haukupatikana, akaifuata redio waya kwa waya mpaka akaimaliza. Redio nyingi kati ya hizo ni zile zilizounganishwa huko huko nyumbani, Dar es Salaam na Arusha, na sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuandika tabia zake kwa Kiswahili namna ile. Alipofariki mimi nilikuwa huku. Kibanda kilikuwa cha kupanga, mwenye nyumba alihitaji nafasi, na ndugu walikuwa na msiba wa kushughulikia. Sanduku lake lote, transfoma, spika, koili, na daftari ndani yake, lilipimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ilipewa bei yake. Daftari halikupewa bei, likaenda bure pamoja na mengine.

Ndiyo maana barua ya msomaji mwenzangu imenichoma. Anapotazama kibanda cha fundi mzee anaona vyuma. Redio zinazouzwa leo zina vipuri vidogo kuliko punje ya mchele, vilivyobandikwa kwa mashine, na zikiharibika nyingi hutupwa. Hizo ndizo zinazojaza madampo anayoyalalamikia. Redio ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua, kuisoma na kuirudisha kazini baada ya miaka hamsini imekaa miaka hamsini nje ya dampo. Na mtu anayeweza kusoma sakiti ya redio anaweza kusoma ya inveta ya sola, ya chaja ya bodaboda ya umeme, ya pampu ya maji. Hapo juu nimewaonyesha kristali 14 na dayodi moja. Kufikiri ni kule kule.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Familia yenye mzee fundi, aliye hai au aliyetangulia mbele ya haki, kabla hamjaita mnunuzi, fungueni droo. Tafuteni madaftari, michoro, karatasi zilizobandikwa ndani ya redio. Vyuma viuzeni mkipenda, makaratasi yatoeni. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, wazee hawa wapo, wengine wako nyumba ya pili kutoka chuoni. Mwiteni mmoja akae na wanafunzi asubuhi moja kwa wiki, mbele yake pawe na redio mbovu ya kweli, na wanafunzi wamwandike anayoyasema. Usimpe ubao na chaki, mpe redio. Na wewe Ndugu Mhariri, gazeti lako lina ukurasa wa ufundi na kilimo. Tenga safu fupi kila wiki mbili, fundi mmoja, redio moja, dalili moja na dawa yake, kwa maneno yake mwenyewe kama anavyoyasema kibandani. Usiyanyooshe sana. "Imekoroma" iache ibaki imekoroma.

Mimi mchango wangu ni huu. Mwezi Desemba, Mungu akipenda, nitakuwa Tanga. Mtu yeyote mwenye daftari la fundi redio, la aina yoyote ya redio, aache taarifa kwenye ofisi yako ya Tanga. Nitalifuata mwenyewe, nitalipiga picha kurasa zote mbele yake kwa gharama yangu, nitamwachia daftari lake na nakala, na nakala nyingine nitaileta kwako kwa ajili ya safu hiyo. Kama kuna aliyenunua sanduku la fundi pale Ngamiani na akaona daftari la jalada la bluu lenye sakiti zilizochorwa kwa rula, naomba sana aniambie, hata kama zimebaki kurasa chache.

Wako katika ujenzi wa taifa,
S. M.,
Columbus, Ohio, Marekani